Nati Mia Nne na Kumi na Mbili

Nyalenda, Kisumu
9 Machi 2025

Kwako Baba mpendwa,

Habari za Pap Onditi? Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba mkono umeacha kuwasha. Mama anaendeleaje na mgongo? Huku hatujambo, ila maji ya bomba yamepotea wiki nzima na tunapanga foleni na mitungi tangu alfajiri. Nampa Mama Dorca barua hii akirudi huko kuchukua nyanya zake, pamoja na sukari kilo mbili. Akikupa moja na nusu, jua nimeipima mwenyewe.

Najua kwa nini hutaki tena kushika simu. Tangu wakili wa bosi wako Obiero asome mbele ya kikao cha ajali ule ujumbe wako wa utani kwa Brandon msimamizi, kwamba kwenye matanga ya Ooko ulikunywa mpaka ukamsalimia ng'ombe kwa jina, mimi pia naiogopa simu. Walichukua utani wa msibani wakasema fundi ni mlevi, ndiyo maana Thuol, ile treni ya mchezo yenye jina la nyoka pale Nam Funland, iliruka reli. Nilikuwa nimekaa nyuma, Baba. Niliuma leso ili nisipige kelele.

Lakini kuna jambo ambalo sikukuambia siku ile. Unakumbuka wakili alivyoinua kile kibao cha shaba akasoma, "Nam Funland, Kivutio Salama Zaidi, Kanda ya Ziwa, 2024"? Alisema majaji wa tuzo walikuja mwezi wa Oktoba, baada ya ajali, wakaikagua Thuol kuanzia reli hadi breki, wakaridhika. Basi kama mashine ni salama, kosa ni la mtu. Kikao kikakubali, na wewe ukatoka pale ukiwa mtu aliyevunja mguu wa mtoto wa wenyewe.

Baba, kile kibao nilikichonga mimi.

Pale dukani kwa Bwana Badru tunachonga vikombe na vibao vya shule, vya makanisa, vya timu za mpira, na vya hao watu wa tuzo za mbuga za michezo. Kazi ile ilipofika nilifurahi kama mjinga. Nilikisugua mara mbili zaidi ya vingine kwa sababu nilijua ni mikono yako iliyoifanya Thuol iwe salama. Nilitaka kukupigia simu, Bwana Badru akasema ni siri mpaka siku ya sherehe, nikanyamaza. Jana nimefungua daftari la oda kuangalia. Nilikichonga tarehe 20 Agosti. Ajali ilikuwa 14 Septemba. Sasa hao majaji wa Oktoba walikuja kukagua nini, wakati kibao kilikuwa kimeshalala kwenye sanduku miezi miwili?

Nimelala na hili neno, nimeamka nalo. Nisamehe.

Mimi mwanao,
Caren


Nyalenda
27 Aprili 2025

Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mvua huku imeanza kweli, mtaro wa nyuma umejaa mpaka mlangoni.

Ni wiki saba sasa. Mama Dorca anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukaenda kulisha kuku. Mara mbili nimemtuma aulize kama kuna jibu, na mara mbili amerudi na nyanya tu. Kama umenikasirikia, nitukane kwa karatasi. Kimya chako ndicho kinaniumiza.

Mwanao,
Caren


Pap Onditi
18 Mei 2025

Kwako Caren, nyara, binti yangu,

Sisi wazima. Mgongo wa mamako ni uleule. Sukari ilifika kilo mbili kamili, Dorca ameapa kwa jina la kanisa lake.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka mtoto wangu asome maneno ya hasira. Nilikaa wiki kumi nikingoja iishe. Haijaisha, ila imegeuka, imemwangalia anayestahili. Wewe huna kosa. Ulichonga ulichoambiwa uchonge. Mimi nilikaza nilichoambiwa nikaze. Sote wawili tulifanya kazi safi, na mtu mwingine akaichukua kazi yetu akanipiga nayo kichwani.

Kazi yangu unaijua, lakini nakuandikia iwe kwenye karatasi, isije siku ikasemwa sikuwahi kusema. Kila nati ya Thuol niliikaza kwa spana, kisha nikachora mstari mmoja wa njano unaopita juu ya nati, bolti na chuma chenyewe. Nilitumia ile rangi ngumu ya boti niliyoizoea bandarini. Asubuhi kabla ya wateja natembea reli nzima nikiangalia mistari. Ukiona mstari umeachana, nati imezunguka, unaikaza. Ni nati mia nne na kumi na mbili, na kila moja naijua kama mtu anavyojua meno yake.

Mwezi wa nane Obiero akataka picha za kupeleka kwenye tuzo. Brandon, msimamizi wake, akaleta vijana na rangi ya bluu wakaipaka Thuol yote, nati, bolti, mistari, kila kitu. Nikamwambia Brandon, mmenitoa macho. Akasema bosi anataka ipendeze. Haikupita mwezi, nati moja ikatoka nisiione. Nilikimbilia breki ya mkono ili behewa lisimwangukie yule msichana. Mguu wake ulivunjika, lakini yu hai, na vidole vyangu viwili vilibaki kwenye ile breki. Halafu Brandon akaapa mbele ya kikao kwamba hajawahi kuona mstari wa njano maishani mwake. Nafikiri hata kwa bosi wake alisema hivyohivyo.

Sitaki pesa ya Obiero. Nataka iandikwe na isomwe kwa sauti kwamba si mimi. Juzi sokoni mama mmoja alimvuta mtoto wake asinipite karibu. Mimi, Ogola, niliyeshika breki ili mtoto wa mtu asife. Sitakufa na jina hilo, na Obiero hatakaa akila samaki kwa raha huku mimi nikila aibu.

Sasa sikiliza. Nyuma ya ghala nimewatengenezea watoto wa dadako kimchezo. Ni wilibaro isiyo na gurudumu, inateleza juu ya mabomba mawili ya maji kutoka kilimani mpaka kwenye rundo la majani ya mpunga. Ina nati kumi na moja, na mistari kumi na moja. Watoto wameiita Thuol Ndogo.

Niletee fomu ya hiyo tuzo. Kama Obiero alipewa bila kuangaliwa, na mimi wanipe bila kuniangalia.

Babako,
Ogola


Nyalenda
15 Juni 2025

Baba mpendwa,

Habari za shamba? Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya mwisho chooni kwa sababu ndipo mahali pekee pa kulia katika ploti hii bila kuulizwa. Asante kwa kunirudia.

Fomu nimeiweka ndani. Nilimuuliza yule mama wa ofisi ya tuzo alipokuja kuchukua vikombe. Kwa kawaida anayeshindanishwa hununua meza kwenye sherehe, na asiyenunua meza hasikiki tena. Ila mwaka huu kuna kundi la vivutio vidogo, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja. Wanatafuta mtu wa kijijini ili picha zao zionekane hawabagui. Alisema huyo hata meza hatanunua, aje tu na suti.

Naogopa kidogo, sikufichi. Ila kama utaijaza, Baba, usiongope hata kidogo. Waache waongope wao.

Mwanao,
Caren


Pap Onditi
6 Julai 2025

Caren,

Mamako anakusalimu, na kuku pia. Ndio wamepona ule ugonjwa.

Fomu nimeijaza na sikudanganya hata neno moja. Wameuliza jina la kivutio, nikaandika Thuol Ndogo. Urefu wa reli, hatua ishirini na mbili za mtu mzima. Idadi ya abiria kwa saa, mmoja, akikubali kushuka. Mfumo wa breki, majani ya mpunga. Nani hukagua usalama, mimi, kila asubuhi, kwa macho. Ajali zilizowahi kutokea, kuku mmoja, na alikuwa na haraka. Waliomba picha nne. Mwalimu wa hapa amepiga kwa simu yake, na moja imemtoa mamako akiwa amebeba kuni nyuma. Amekataa itolewe kwa sababu anasema ametokea vizuri.

Mahali pa jina la mkurugenzi nimeandika langu lote, Ogola wa Nam Funland wa zamani. Mtu akisoma hii fomu kwa dakika moja tu ataitupa. Nikitupwa, nitanyoosha mikono na kusema wako makini, mimi ndiye nimekosea. Nataka nione.

Babako,
Ogola


Nyalenda
14 Septemba 2025

Baba,

Salamu. Najua leo ni siku gani. Nimekuombea mkono wako kanisani, na nimemwombea yule msichana. Nimemwona wiki iliyopita akitembea bila mkongojo.

Orodha ya oda imeletwa dukani Ijumaa. Upigaji kura unafungwa tarehe 30, na kwenye tangazo lao wameandika majaji bado wanazunguka kanda nzima. Na orodha ya washindi iko hapa mezani kwangu, imepigwa chapa. Kundi la wakubwa, Nam Funland tena. Kundi la wadogo, Thuol Ndogo, Pap Onditi. Kuna mtu yeyote amefika huko kuangalia? Hata wa kuuliza njia?

Kibao chako nimekichonga leo baada ya ibada, Bwana Badru alinifungulia duka. Ni shaba ileile na herufi zilezile: Kivutio Salama Zaidi, Kanda ya Ziwa. Nilipomaliza niliviweka viwili pamoja, chako na cha Nam Funland. Huwezi kuvitofautisha mpaka usome jina.

Na kuna lingine. Mfadhili wa sherehe mwaka huu ni Obiero. Yeye ndiye atakayekabidhi vibao vyote kwa mkono wake. Fua suti.

Mwanao,
Caren


Pap Onditi
19 Oktoba 2025

Caren nyara,

Natumaini u mzima, na wa ploti yako wazima. Huku hakuna aliyefika kuuliza njia. Aliyepita ni mtu wa kuuza sufuria tu.

Ijumaa nimekwenda. Chakula cha mchana kwenye hoteli ya ufuoni, vitambaa vyeupe, samaki amekatwa vipande kama anaogopwa. Suti ya harusi imenibana kwapani. Waliniweka meza ya pembeni kabisa karibu na spika, na hakuna aliyenijua, maana Obiero hatazami watu wa pembeni. Niliona Thuol ikioneshwa ukutani kwa picha kubwa, bluu tupu, inang'aa. Nikala samaki wangu wote na mifupa nikaipanga vizuri.

Wakaita, "Mkurugenzi Ogola, Thuol Ndogo, Pap Onditi." Nikaamka. Obiero alikuwa anacheka na mpiga picha, kibao mkono wa kushoto, wa kulia ameshanyoosha kwa mtu ambaye hajamwangalia. Niliuingiza mkono wangu ndani ya wake. Vidole vitatu. Alihisi kabla hajaona, kisha akaangalia chini, kisha akaniangalia usoni, na kile kicheko kikamganda mdomoni kwa sababu kamera zilikuwa zinasubiri.

Akaniuliza huku amebana meno, "Mzee, unafanya nini hapa?"

Nikamwambia, "Nimekuja kuchukua changu, bosi."

Nikabana. Mpiga picha akasema tubaki hivyohivyo, apate nyingine, nami nikabaki kwa furaha yote. Caren, niseme ukweli, sijawahi kufurahia mkono wa mtu namna ile tangu nimshike mamako kanisani.

Kile kikao cha marudio nilichoomba ni tarehe 20 Novemba. Picha ninayo na kibao ninacho. Usiguse daftari la Badru. Kazi yako ni moja tu na watu wanaoitaka wamejaa hapo nje. Kibao kinatosha.

Babako,
Ogola


Nyalenda
16 Novemba 2025

Baba,

Habari za nyumbani? Mimi ni mzima. Ulisema nisiguse. Nimegusa.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala mbili za daftari la oda, ya Agosti mwaka jana na ya Septemba mwaka huu, tarehe zinaonekana. Sikuiba. Nilimwambia Bwana Badru kwanza. Alifuta miwani, akasema hawezi kuniruhusu wala hawezi kunizuia, lakini zikisomwa hadharani nisije tena dukani, kwa sababu wale watu ndio wanaolipa kodi ya chumba. Hakusema kwa ubaya. Alinipa mkono.

Nilichonga uongo na nikausugua ukang'aa. Nami nina la kulipiza, si wewe peke yako. Soma zote mbili, Baba, na usome kwa sauti.

Mwanao,
Caren


Pap Onditi
7 Desemba 2025

Kwako Caren, mtoto wangu,

Salamu kutoka kwa mamako, dadako, na wale watoto wake wanaodhani mimi ni mkurugenzi. Nimesikia kwamba Jumatatu ile baada ya kikao hukwenda kazini. Dorca alinieleza, nikashindwa kumaliza chai. Pole, nyara. Pole sana. Nikusimulie ulichonunua kwa kazi yako, maana sitaki usikie kwa mtu mwingine.

Mwenyekiti wa kikao safari hii alikuwa mama mmoja anaitwa Nabututu, mtulivu, anaandika kila kitu kwa mkono. Wakili akaanza kama kawaida. Akaweka kibao chao mezani, tena safari hii viwili, cha mwaka jana na cha mwaka huu. Nikamwacha amalize. Kisha nikatoa changu kwenye mfuko wa nailoni nikakilaza kando ya vyake, nikaweka na picha ya wilibaro, ile yenye mamako.

Nikasema, "Mama mwenyekiti, kama vibao hivi vinasema kweli, basi mimi ndiye fundi salama kuliko wote kanda hii, na walinifukuza bure. Kama vinaongopa, waviondoe vyao mezani."

Wakili akamwangalia Obiero, akaanza kupanga upya karatasi zake. Aende wapi? Ndipo nikasoma karatasi zako, tarehe kwa tarehe, polepole, kwa sauti ile ya kusomea wosia. Nabututu akaomba azione. Akavigeuza vile vibao vitatu kimoja kimoja. Akamwuliza wakili ni jaji gani alifika Pap Onditi. Wakili akasema hana habari. Vyote vitatu vikatolewa mezani, changu kikiwemo, na sikusikitika.

Halafu akauliza habari ya mistari ya njano. Brandon akarudia kiapo chake. Nami nikasema iko palepale chini ya bluu, rangi ya boti haiyeyuki kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Basi Obiero akasimama. Huyu mtu, nakwambia, aliamini kabisa. Hajawahi kupanda ile reli hata siku moja, anaijua kwa picha. Akajipiga kifua akasema, "Nitaikwangua mwenyewe, muone hakuna kitu."

Nabututu akaandika hayo pia.

Jumatatu iliyopita tukakutana chini ya Thuol, kikao chote. Wakaleta tina, vitambaa na brashi ya waya. Obiero alivua koti, akachovya, akasugua nati ya kwanza kwa mbwembwe. Bluu ya juu, ya mwaka huu, ikatoka, ikafuata bluu ya chini, ile ya mwaka jana. Kisha ikaja njano. Mstari wangu, mwembamba, umenyooka. Akasugua ya pili, njano. Ya tatu, njano. Akageuka kumtafuta Brandon, na Brandon hakuwepo tena, ameshapita geti. Nati ya tisa mstari ulikuwa umeachana, nusu huku, nusu kule. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mpaka saa sita zilipatikana tatu za namna hiyo, na Jumapili ya kabla yake watoto wa shule ya kanisa walikuwa wamepanda humohumo, chini ya kibao cha usalama.

Nabututu alifunga Thuol palepale. Akasimama kwenye jukwaa la abiria akasoma kwamba ajali ya tarehe 14 Septemba haikuwa kosa la fundi Ogola, kwamba fundi aliifanya kazi yake na alama za kazi yake zilifunikwa na mwajiri. Nilimwomba arudie. Alirudia. Baba wa yule msichana alikuwepo, akaja akanishika ule mkono mbovu kwa mikono yake miwili. Nililia, Caren. Andika kwamba nililia, sioni haya.

Lakini sijakwambia tamu yenyewe. Ikaamriwa kwamba nati zote zifunuliwe kabla mtu yeyote hajapanda tena, na mimi niwepo kuhesabu. Obiero akaita vijana wake. Nikasema kwa heshima, "Mama, bosi alisema atakwangua mwenyewe, na imeandikwa." Nabututu akarudisha kurasa zake nyuma, akatafuta, akaipata. Akasema ni kweli, imeandikwa.

Basi kila siku napanda gari kutoka hapa na kiti changu cha kukunja. Nakaa. Mlinzi wa geti, aliyeambiwa mwaka jana asiniruhusu hata kusimama pale, ananiletea chai. Obiero ana malengelenge viganjani. Tina imemchoma kucha. Analetewa samaki, anashindwa kumchambua. Akiruka nati, namwambia, "Bosi, hiyo bado," naye anarudi. Kile kibao chake cha getini kimeng'olewa, na matundu manne yamebaki ukutani. Watu wa tuzo nao wameniandikia barua nishiriki tena mwakani.

Njoo Krismasi, na uje na zana zako. Yule fundi wa majeneza wa hapa sokoni anataka mtu wa kuchonga majina, na nimeshamwambia hapati mwingine kama wewe. Na kibao changu nimekitundika kwenye mlango wa banda la kuku. Nataka nyuma yake uchonge zile tarehe zako mbili za daftari, kwa mkono wako, ili kiwe na kitu kimoja cha kweli.

Mchungaji alikuja jana, akakaa sana, akala ugali wetu, akaniambia Krismasi inakaribia na nimsamehe mtu yule. Nikamwambia mimi ni Mkristo, nitamsamehe. Obiero yuko nati ya mia na arobaini na moja. Nitamsamehe akimaliza.

Mimi babako,
Ogola